Ukurasa wa Thelathini na Moja

Nyumbani, 4 Februari

Kwa Mhariri wa Vitabu vya Hisabati,

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha hisabati miaka thelathini na minne, na tangu nistaafu nimejizuia kabisa kuandika barua za kulalamika, kwa sababu wazee wanaoandika barua za kulalamika nawajua na sipendi kufanana nao. Leo mmenishinda.

Mbele yangu nina kitabu chenu kipya cha jiometria, chenye jalada la kijani. Karatasi nzuri, michoro imenyooka, hata mistari sambamba mmeitia rangi ya samawati ili ipendeze. Hongereni. Sasa naomba ufungue ukurasa wa 31. Hapo mnawaambia watoto kwamba mistari miwili sambamba ikikatwa na mstari wa tatu, pembe mbadala, zile zinazokaa kimshazari huku na huku ya mstari huo wa tatu, ni sawa. Sikatai, ni sawa. Chini yake mmeandika "Uthibitisho" kwa herufi nene, na sababu mliyotoa ni kwamba pembe tatu za pembetatu hujumlisha nyuzi 180, "kama itakavyoonyeshwa ukurasa wa 38." Haya, nikaenda ukurasa wa 38. Huko mnathibitisha kwamba pembe za pembetatu hujumlisha nyuzi 180. Kwa sababu gani? Kwa sababu pembe mbadala ni sawa, "kama ilivyoonyeshwa ukurasa wa 31."

Nilisoma mara tatu nikidhani kosa ni la macho yangu. Mgeni akikuuliza kwako ni wapi, ukamwambia ni mkabala na kwa jirani, akauliza kwa jirani ni wapi, ukamwambia ni mkabala na kwangu, mgeni huyo atalala barabarani. Ninyi mmewalaza barabarani watoto wa nchi nzima.

Na nisingeandika kama kosa lingebaki kwenye karatasi. Katika shule moja ya hapa kwetu, binti wa kidato cha nne aliulizwa kwenye jaribio athibitishe kauli hiyo ya ukurasa wa 31. Akaandika sentensi mbili: "Uthibitisho wa kitabu unazunguka. Nimejaribu kutafuta mwingine bila kuikubali kwanza kauli yenyewe, sikuupata." Mwalimu wake akampa sifuri. Binti akasimama akauliza amekosea wapi. Akaambiwa huo ni ufidhuli, akarudishwa nyumbani mpaka atakapoandika barua ya kuomba radhi.

Unajua binti huyo alifanya nini? Alifika peke yake, kwa kalamu ya wino wa buluu, mahali ambapo wataalamu walihangaika kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Wote walitaka kuthibitisha jambo la mistari sambamba kwa kutumia yale mengine ya msingi tu, na wote walishindwa, kwa sababu halithibitishwi hivyo. Lazima ulikubali mwanzoni, useme waziwazi kwamba umelikubali, ndipo ujenge juu yake. Hakuna aibu. Aibu ni kulificha chini ya zulia kisha kumwadhibu mtoto aliyeliinua zulia.

Hisabati ndilo somo pekee ambalo mtoto hahitaji kuniamini mimi. Ananitazama mkononi, hatua kwa hatua, na nikikosea ana haki ya kunisimamisha. Ninyi mmempokonya haki hiyo.

Nadai kitabu kisahihishwe, na shule ijulishwe kwa maandishi. Nasubiri jibu.

Mwalimu mstaafu


Ofisi ya Vitabu vya Shule, 19 Februari

Ndugu Mwalimu,

Barua yako ya tarehe 4 imepokelewa.

Ofisi inapenda kukufahamisha kwamba kitabu unachokitaja kilipitiwa na jopo la wataalamu tisa na kuidhinishwa. Uthibitisho wa ukurasa wa 31 si mgeni. Umefundishwa katika shule nyingi kwa miaka mingi, na walimu wameuzoea. Ofisi haioni sababu ya kuubadilisha katika toleo hili.

Kuhusu mwanafunzi uliyemtaja, nidhamu ni suala la shule husika.

Tunashukuru kwa kuendelea kujali elimu hata baada ya kustaafu.

Mhariri, Kitengo cha Hisabati


Nyumbani, 23 Februari

Bwana Mhariri,

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Sikuandika ili nishukuriwe.

Wataalamu tisa. Umewataja kana kwamba hisabati ni kamba, ukipata watu wengi wa kuvuta utashinda. Na miaka mingi. Hata ungenitajia miaka mia tano, jambo linalozunguka litakuwa limezunguka miaka mia tano. Kuzoea si kuthibitisha, bwana wee. Hili nililisema kila Januari kwa kila darasa jipya, na sikujua kama siku moja ningelazimika kulisema kwa mtu anayelipwa kutengeneza vitabu.

Sasa nikuambie nililolificha. Binti yule ni mjukuu wangu. Nililificha kwa makusudi, nisije nikaonekana babu anayebembeleza. Sasa nimeona kwamba barua yenye hoja inapata majibu ya bandia, basi na nionekane babu.

Tunakaa watu watatu: mimi, mwanangu wa kike ambaye ni fundi cherehani, na huyo binti yake. Chumba cha mbele ndicho kiwanda cha mama yake. Anashona sare za shule, tena sare za shule hiyohiyo iliyomfukuza mwanawe. Asubuhi mjukuu wangu anakaa kwenye kona ya meza ya kukatia vitambaa, anajisomea, na sketi za wenzake zinapita mbele ya pua yake moja baada ya nyingine. Anashika bikari yangu ya zamani, anachora, anafuta, anachora. Bado anatafuta uthibitisho. Nimemwambia haupo. Ananijibu, "Babu, sitaki kukuamini, nataka kuona." Nilitaka kukasirika, nikakumbuka ndivyo nilivyomfundisha.

Mama yake anataka aombe radhi yaishe. Simlaumu. Majina ya watahiniwa wa mtihani wa mwisho yanafungwa tarehe 15 Machi, na asiyekuwa shuleni siku hiyo haandikishwi. Mwaka mzima umekwenda. Mwanangu amenikalia kikao: "Baba, kweli mtoto apoteze mwaka kwa ajili ya pembe?" Nikamwambia si pembe. Akaniuliza ni nini basi, na mimi, mwalimu wa miaka thelathini na minne, nikashindwa kumjibu vizuri.

Basi ninadai jambo moja tu kutoka kwako. Umesema uthibitisho ule umefundishwa miaka mingi. Lazima ulitoka kwa mtu. Nitajie aliyeuandika. Nitamwandikia yeye mwenyewe, na nitampa vidonge vyake moja kwa moja, kwa sababu mtu wa namna hiyo hakustahili kushika chaki.

Mwalimu mstaafu, na babu


2 Machi

Shikamoo Mwalimu,

Barua hii naiandika kwa mkono wangu na si kwa niaba ya ofisi. Na mimi si bwana.

Umedai nikutajie aliyeuandika uthibitisho wa ukurasa wa 31. Ni wewe.

Ninalo daftari. Nilisoma kwako kidato cha tatu, katika ile shule iliyokuwa nyuma ya kinu cha nafaka, miaka ishirini na sita iliyopita. Ulikuwa unaandika ubaoni na sisi tunanakili, na ole wake atakayeacha hata mkato. Mwandishi wa sura ile ya kitabu alisoma shule hiyohiyo, miaka miwili mbele yangu, naye anayo notisi zako. Alizitia kitabuni kama zilivyo, isipokuwa rangi ya samawati. Yaliyo ukurasa wa 31 na wa 38 ni maneno yako, mpaka "kama itakavyoonyeshwa".

Labda hunikumbuki. Nikusaidie. Siku ulipofika kwenye pembetatu, niliinua mkono nikasema, "Mwalimu, si juzi tulitumia hili kuthibitisha lile? Tunazunguka." Darasa likacheka. Wewe hukucheka. Uliniambia kwamba hapo ni darasani si sokoni, ukanitoa nje. Nilisimama nje ya dirisha vipindi vyote vya hesabu vya wiki nzima, na niliporudi ndani ukanitaka niandike uthibitisho ule mara hamsini. Tangu siku hiyo ukaniita Bi Kwanini. Shule nzima ikaniita hivyo mpaka namaliza. Mpaka leo wako wanaoniita, wakidhani ni utani wa mapenzi.

Mwalimu, ukiandika jambo mara hamsini halibadiliki, unabadilika wewe. Nilipofika ya arobaini hivi, nilikuwa tayari nimekuwa mtu mwingine. Nikafaulu kila mtihani, kwa sababu sikuuliza tena. Nikasoma mpaka chuo, nikajua kwa hakika kwamba niliyosema siku ile yalikuwa sahihi, na sikumwambia mtu.

Sura ile ilipofika mezani kwangu niliijua kabla sijamaliza mstari wa kwanza. Nikaipeleka kwenye jopo nikiwa nimekata shauri kusema. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye hoja kwenye sura ya tatu. Mkono wangu ulishapanda mpaka usawa wa bega. Akanitazama, akatazama saa yake. Nikajishika nywele kana kwamba ndicho nilichokusudia.

Kwa hiyo unapoandika "mtu wa namna hiyo", ujue unaandika kuhusu watu wawili. Nimekasirika, Mwalimu. Nimekasirika kwa miaka ishirini na sita na sikujua mpaka barua yako ilipofika, yenye hasira nzuri namna ile, yenye maneno yote niliyotamani mtu aniambie nilipokuwa nje ya dirisha. Mjukuu wako amepata babu wa kumtetea. Mimi niliyempata ni wewe.

Uliyemtoa nje


8 Machi

Kwa Mama Mhariri,

Shikamoo. Mimi ndiye yule mjukuu. Babu hajui kwamba naandika.

Barua yako ilifika Jumanne. Babu aliisoma amesimama mlangoni, halafu akaisoma amekaa, halafu akaingia chumbani kwake akajifungia. Kutoka hapo hasemi. Akiulizwa chai anatikisa kichwa, akiulizwa anaumwa anatikisa kichwa. Mama anadhani ni shinikizo la damu. Juzi aliteremsha boksi la notisi zake kutoka juu ya kabati, akakaa nalo miguuni bila kulifungua. Barua yako aliiacha juu ya kitanda, nikaisoma. Naomba radhi kwa kuisoma. Hiyo ndiyo radhi pekee nitakayoomba mwezi huu.

Nimewakasirikia wote wawili, samahani sana. Babu nimemkasirikia kwa sababu alinifundisha kuuliza, kumbe alikuwa amemfukuza mtu aliyeuliza. Na wewe nimekukasirikia kwa sababu ulijua. Mwalimu wangu aliyenipa sifuri ni kijana tu, anafuata kitabu, amekariri. Yeye hajui. Wewe ulijua, ukajishika nywele.

Mwalimu mkuu ametuma barua ya radhi iliyokwisha kuchapwa, mimi niweke sahihi tu. Imeandikwa hivi: "Nakiri kwamba uthibitisho wa kitabu ni sahihi na kwamba nilikosa adabu kuutilia shaka." Mama ameiweka chini ya mkasi wake ili isipeperuke. Anasema Jumatatu tutakwenda pamoja. Anasema adabu ni kitu kidogo kutoa. Mimi ningeweza kutoa adabu, Mama Mhariri. Ile sehemu ya kwanza ndiyo siwezi, kwa sababu si ya kwangu kutoa. Haiwi sahihi kwa sababu nimetia sahihi.

Nina swali moja. Uliposhusha mkono siku ile, ulijisikia vipi kesho yake? Nauliza kweli, si kwa ubaya. Nataka kujua kabla ya Jumatatu.

Mjukuu


Nyumbani, 12 Machi

Mwanangu,

Nimekuita hivyo bila ruhusa yako. Ukiona haifai, nirudishie.

Nakukumbuka. Ulikaa safu ya pili karibu na dirisha, ulikuwa na kalamu uliyoifunga uzi mwekundu. Jina lile nililibuni nikiwa najiona mcheshi. Nilisikia shule ikilichukua na sikulizuia, kwa sababu lilinifaa: mtu akishapewa jina la kuchekwa, swali lake nalo linachekwa.

Nataka nikueleze kilichotokea siku ile, na nisijitetee. Ningependa kukuambia kwamba kulikuwa na mkaguzi amekaa nyuma. Hakukuwapo. Kulikuwa na watoto arobaini na mmoja na mimi. Na nilijua. Hilo ndilo lililonifunga mdomo siku zote hizi: nilijua kabla yako. Nilipokuwa naandaa somo usiku wa kuamkia siku ile niliuona mzunguko, kwa sababu na mimi nilifundishwa hivyohivyo na mwalimu wangu. Nilitafuta njia ya kuuvunja, sikuipata. Ningeweza kuingia darasani nikasema, "Hapa, watoto, hatuthibitishi. Hapa tunakubali tu, na sijui kwa nini iwe hivi." Sentensi moja. Niliona kwamba nikiisema, hamtaniheshimu. Nikapanga kupita haraka mtu asitambue. Wewe ukatambua.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma, nikaelewa kwamba sentensi ile ndiyo iliyokuwa jibu. Nikaanza kufundisha vizuri. Madarasa yaliyofuata yakaniita mwalimu bora. Sikuwatafuta wale wa nyuma hata mmoja. Nilijiambia watajisahihisha wenyewe. Notisi ile nikaisahau kabisa, hata nilipoikuta kitabuni sikuitambua kuwa ni yangu.

Nisamehe. Sikuombi unijibu, wala sikuombi ufanye lolote kuhusu kitabu. Nilikutoa nje bila haki na nilifanya hivyo nikijua una haki.

Sasa nikupe habari za Jumatatu, maana zinakuhusu.

Niliamka nikavaa suti yangu ya mahafali. Mwanangu akauliza naenda wapi, nikamwambia naenda nanyi. Tukakaa watatu kwenye benchi la nje ya ofisi kama wagonjwa. Mwalimu mkuu akatupokea vizuri, akamwita na mwalimu wa hesabu. Nikamwomba niseme kwanza. Nikasimama nikawaambia kwamba uthibitisho wa ukurasa wa 31 niliuandika mimi, kwamba ni wa uongo, kwamba nilijua ni wa uongo, na kwamba binti huyu ameona kwa siku moja kile nilichokificha kwa miaka. Nikachora kwenye karatasi. Yule mwalimu kijana akainama akatazama mchoro muda mrefu, masikio yakamwiva. Nilimwona ameelewa.

Mwalimu mkuu akanisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru. Halafu akasema, "Mzee, kitabu kimeidhinishwa, wewe hujaidhinishwa. Na hata angekuwa na haki, mtoto hamwambii mwalimu wake mbele ya darasa kwamba anazunguka. Ukweli ni jambo moja na nidhamu ni jambo jingine."

Nilisikia damu inapanda mpaka machoni. Si kwa sababu alisema upuuzi. Kwa sababu maneno yale niliyajua. Yalikuwa yangu, yamevaa suti ya mtu mwingine.

Akasukuma ile barua mezani na kalamu juu yake. Mjukuu wangu akanitazama. Aliyenyoosha mkono ni mama yake. Nikadhani anamshikisha mwanawe kalamu. Akaichukua barua, akaisoma taratibu akifuata mstari kwa kidole, kama anavyokagua pindo la sketi. Akamuuliza yule mwalimu wa hesabu, "Mwalimu, wewe sema tu. Hili la kwanza hapa, kwamba ni sahihi. Ni sahihi?" Kijana akatazama sakafu. Mwanangu akasubiri.

Basi akaikunja barua mara nne, akaitia kwenye mkoba, akasema, "Mimi nikimpelekea mtu sare ambayo mikono haikutani na mabega, siwezi kumwambia mtoto wake aombe radhi kwa kunionyesha. Nilimleta mwanangu aombe radhi kwa utovu wa adabu. Sikumleta aseme uongo." Tukatoka.

Tulipofika nyumbani, aliweka ile bikari yangu katikati ya meza ya kukatia, akamwambia mwanawe, "Nionyeshe hizo pembe." Wameshinda nazo mpaka kazi zimelala.

Majina yanafungwa baada ya siku tatu. Hatuna mpango. Lakini nilitaka ujue kwamba safari hii hakuna aliyeshusha mkono.

Mwalimu wako


Ofisi ya Vitabu vya Shule, 14 Machi

WARAKA KWA WAKUU WOTE WA SHULE

Yah: Kosa katika kitabu cha jiometria, ukurasa wa 31 na wa 38

Kilichoitwa "Uthibitisho" katika ukurasa wa 31 si uthibitisho. Kinategemea ukurasa wa 38, ambao nao unategemea ukurasa wa 31. Walimu wanaombwa wasiufundishe wala wasiutahini.

Mahali pake pawekwe maneno haya: "Kupitia nukta iliyo nje ya mstari hupita mstari mmoja tu ulio sambamba nao. Kauli hii hatuithibitishi. Tunaikubali, na tunasema kwamba tumeikubali." Kutokana nayo ndipo ithibitishwe kauli ya pembe mbadala, na kutokana na pembe mbadala ndipo zithibitishwe nyuzi 180 za pembetatu.

Kosa hili liligunduliwa na mwanafunzi wa kidato cha nne. Mwanafunzi yeyote aliyeadhibiwa kwa kulitaja alikuwa sahihi.

Mhariri, Kitengo cha Hisabati

(Kwa mkono, nyuma ya nakala:)

Mwalimu, nakala ya shule ya mjukuu wako nimeipeleka mwenyewe leo asubuhi, nikasubiri mpaka mwalimu mkuu akatia sahihi ya kupokea. Waraka huu haukupita kwenye jopo. Nimetumia muhuri wa ofisi bila idhini, na najua malipo yake. Mwambie mjukuu: kesho yake, baada ya kushusha mkono, nilijisikia vizuri. Hilo ndilo baya lake. Siku ya tatu ndipo nilipoanza kujikwepa.

Kuhusu msamaha, bado. Nitakuambia ukifika. Lakini lile neno ulilonianzia barua sikurudishii.


6 Aprili

Kwa Mama Mhariri, Ghala la Vitabu,

Shikamoo. Tumepata habari kwamba umeondolewa kitengo ukapelekwa ghalani kubandika lebo kwenye maboksi mpaka kikao cha nidhamu kikae. Babu alipoisikia alivaa tena suti. Mama akamvua koti, akamwambia aandike kwanza, asiende. Ameandika kurasa kumi na moja kwa hao watu wa kikao. Nimemsaidia kupunguza matusi, yamebaki machache ambayo amekataa katakata kuyaondoa.

Niliandikishwa tarehe 15, saa nane na nusu. Mwalimu mkuu aliniambia niingie darasani kana kwamba nilikwenda tu kunywa maji. Hakuna aliyeniomba radhi. Sifuri yangu bado ipo. Nimeuliza mara mbili, nimeambiwa alama zikishaingia hazitoki. Nitauliza mara ya tatu. Mama naye amewapelekea sare zao pamoja na ile barua iliyochapwa, ameifunga juu ya furushi ikiwa haina sahihi.

Lakini nakuandikia kwa sababu ya jana.

Mwalimu wetu wa hesabu aliingia na waraka wako mkononi. Hakunitazama. Akatuambia tufungue ukurasa wa 31 na tuukate kwa mstari wa rula, kona kwa kona. Halafu akaandika ubaoni maneno yako yote, mpaka "tunasema kwamba tumeikubali". Sauti yake ilikuwa ndogo. Tukanakili. Na mimi nikawa nafikiri, basi ndiyo imekwisha, ndiyo hii tu.

Pale nyuma kuna mwenzetu ambaye kila kipindi cha hesabu analala. Mikono kwenye dawati, kichwa juu yake, walimu wote wameshamkatia tamaa. Jana hakulala. Akainua mkono akasema, "Mwalimu, na tusipoikubali?"

Watu wakaanza kucheka. Mimi sikucheka. Mwalimu akageuka ubaoni, akakaa hivyo ametupa mgongo, chaki mkononi, na nikaona masikio yake yanaiva kama siku ile ofisini. Nikajua sasa atamtoa nje. Nilishaanza kusimama, Mama Mhariri, wallahi nilishaanza kusimama.

Akageuka akasema, "Sijui."

Akavuta kiti akaketi. Akasema tena, "Sijui itakuwaje. Chukueni karatasi, tujaribu." Tukajaribu mpaka kengele ikalia, na hatukutoka. Tulichora mistari miwili iliyo sambamba na mstari mmoja, kisha mitatu, yote ikipita kwenye nukta moja, na haikuonekana kuwa na akili hata kidogo, lakini hakuna aliyeweza kuonyesha inavunjika wapi.

Nimemuuliza babu. Anasema alisoma mahali kwamba inawezekana, kwamba inatoka jiometria nyingine kabisa, lakini hakufika mwisho na hawezi kunieleza. Amelisema hivyo mbele ya mama bila kukohoa.

Wewe ulisoma mpaka chuo. Kama unajua, niandikie. Kama hujui, niandikie hivyohivyo.

Mjukuu